Mwindaji wa Mafunjo: Besi wa Ziwa Naivasha

Septemba, hapa Unyambwa mkoani Singida ni kiangazi cha kweli. Mvua haitarajiwi kabla ya Novemba au Desemba, upepo unavuma kutwa, na maji ya maziwa ya Singidani na Kindai yanazidi kurudi nyuma. Mwezi huohuo, huko Marekani, wavuvi wa burudani wanachangamka. Maji yameanza kupoa, samaki wadogo wanaingia kwenye ghuba na vijito, na nyuma yao anawafuata besi mdomo mkubwa, akila kwa pupa kabla baridi haijamzubaisha.

Samaki huyo yuko Afrika Mashariki pia. Mwaka 1929 alipandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoana. Ziwa lenyewe liko juu, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, lakini hakuna baridi kali inayomlazimisha besi ajaze tumbo mapema. Basi kalenda ya Marekani haimsaidii mvuvi wa Naivasha. Anachopaswa kusoma ni saa, upepo na mafunjo.

Besi hafukuzi windo kwa mbali. Hujibanza kwenye kivuli cha mafunjo, chini ya magugu maji au kando ya gogo lililozama, akasubiri. Taya lake linapita nyuma ya jicho. Anapofumbua mdomo ghafla, maji na windo huvutwa ndani kwa pamoja. Kwa kuwa anategemea kuvizia, alfajiri na jioni, mwanga unapokuwa hafifu, ndizo saa zake.

Mvuvi hutupa chambo bandia, tuseme mnyoo wa plastiki, karibu kabisa na mizizi ya mafunjo, kisha anakiacha kizame. Mara nyingi besi hukimeza kikiwa bado kinashuka, na dalili pekee ni mshipi kuanza kwenda upande. Hapo mvuvi hukaza mshipi kwanza, ndipo avute kwa nguvu. Samaki huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na mshipi ukilegea hata kidogo, ndoana inachomoka. Huku mkono ukiwa na kazi hiyo, jicho lisisahau viboko: Naivasha wapo wengi, na hayohayo mafunjo ni makazi yao.

Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Marekani, nao wakawa chakula kikuu cha besi wakubwa. Chambo cha rangi ya kahawia au nyekundu kinachorukaruka chini ya ziwa kinamwiga kamba huyo. Baadaye, tangu 2001, akaonekana samaki mwingine wa kigeni aitwaye kapu, ambaye alikuja kujaza nyavu za wavuvi wa biashara.

Gharama ya upandikizaji huu isifichwe. Naivasha ilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, mdogo kuliko kidole. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na besi hutajwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwake.

Je, besi angefaa Singidani? Hapana, na sababu ya kwanza ni maji. Maziwa yote mawili hayana mto unaotoka, lakini maji ya Naivasha hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi, kwa hiyo ziwa hubaki la maji yasiyo na chumvi. Singidani maji huondoka kwa jua, chumvi ikabaki. Sababu ya pili ina uzito zaidi. Katika maji hayo ya chumvi anaishi perege ambaye hapatikani popote duniani nje ya Tanzania. Makazi yake ni maziwa machache tu, yakiwemo Manyara, Eyasi, Kitangiri na hili la Singidani.