Fahamu: Kichefuchefu cha mimba changa na namna ya kukipunguza

Asubuhi katika Barabara ya Ggaba, pale Kansanga, Kampala, harufu ya mayai na chapati za rolex yatosha kumchafua roho mwenye mimba changa. Si kudeka. Mwaka 2023 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba homoni ya GDF15, itokayo zaidi kwa mtoto na kondo, huchochea kichefuchefu. Mwanamke aliyekuwa nayo kidogo kabla ya mimba huumwa zaidi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataja tangawizi na vitamini B6 kama njia za kupunguza kichefuchefu. Kula kidogo kidogo, na utafune kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani. Ukiwa na kiungulia, usilale mara baada ya kula.

Wengi Kampala hutumia emumbwa, udongo uliofinyangwa na mitishamba, wakausugua kwenye maji na kunywa. Naelewa faraja yake, lakini udongo huweza kubeba madini ya risasi na kuzuia chuma kufyonzwa mwilini, wakati mama anahitaji damu. Mwambie mkunga kama unautumia, bila kuona haya.

Ukitapika hata maji, mkojo ukipungua na kukolea rangi, au ukiona damu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Kwa wakazi wa Kansanga, kituo cha afya cha Kisugu ki jirani.