Saa ya Beni na saa ya Kinshasa

Wazazi wa Butembo wenye mutoto anayesoma Kinshasa wanaijua fujo hii. Mutoto anapanda ndege ya moja kwa moja pale Beni, saa ine ya asubui. Shangazi yake anayemungoja Ndjili anapiga simu: "Mama, mutoto amefika, ni saa tano na nusu." Mama anahesabu kwa vidole: saa moja na nusu tu! Siku ya kurudi, safari ileile inaonekana kula saa tatu na nusu. Basi watu wanasema pilote amechelewa, ao ni upepo.

Pilote hana kosa. Inchi yetu iko na saa mbili. Kivu, Ituri, Tshopo, Maniema, Katanga na Kasai tunafuata saa ya mashariki. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Shangazi akisema saa tano na nusu, kwa mama ni saa sita na nusu. Safari yenyewe ni saa mbili na nusu hivi, kwenda na kurudi.

Kwa mustari ulionyooka, toka Mavivi, ndio uwanja wa ndege wa Beni, mpaka Ndjili ni karibu kilometa 1 650. Ndege kubwa ikiwa juu inapita kilometa 800 hivi kwa saa moja. Kisha ongeza kupanda, kushuka, na kusimama Kisangani ikiwa inasimama. Anayetaka kupita chini atapiga zaidi ya kilometa 700 za barabara mpaka Kisangani, halafu zaidi ya 1 700 za mto, majuma mazima ndani ya mashua. Si mchezo.

Lakini tike haiandiki safari yote. Kiwanja cha Rughenda, hapa Butembo, ni cha ndege ndogo. Kwa ile kubwa lazima kushuka Beni, kilometa 54, halafu kuendelea Mavivi kwa njia ya Oicha, upande ambako ADF wameua watu wengi tangu 2014. Nani atatoka usiku ili awahi ndege ya asubui? Tunalala Beni. Na ndugu zetu wachimbaji wa Manguredjipa wanaanza na piki na matope mbele ya kufika hata Butembo. Saa mbili na nusu zinakuwa siku mbili, siku tatu.

Goma iko karibu zaidi, kilometa 250 tu kwa hewa, haifiki saa moja. Lakini uwanja wake ulifungwa Januari 2025, M23 walipoingia muji.

Ule mwaka wa Ebola tuliona uzito wa kilometa hizi. Mwisho wa Julai 2018, damu ya wagonjwa sita wa upande wa Mangina ilipelekwa labo ya INRB, kule Kinshasa. Wane walikuwa na Ebola, na tarehe 1 Agosti serikali ikatangaza. Kisha labo ikafunguliwa Beni penyewe, damu isivuke tena inchi nzima wakati jamaa wanangoja jibu mbele ya mulango wa hospitali. Chanjo nayo ilikuja kwa ndege, ndani ya baridi ya digre 60 chini ya sifuri na zaidi, na tarehe 8 Agosti watu wa Mangina wakaanza kuchanjwa.