Udongo Hujitakasa, Bali Wajibu Wetu Unabaki

Katika Waraka wake wa Kitume “Laudato si’” wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alitualika kuitunza dunia, nyumba yetu sote. Leo tuutazame udongo, na kazi ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani yake.

Tarehe 20 Agosti 1979, karibu na mji wa Bemidji, Minnesota, nchini Marekani, bomba la mafuta ghafi lilipasuka na takriban lita milioni 1.7 zikamwagika. Sehemu kubwa iliondolewa. Iliyobaki ilizama hadi kwenye maji ya ardhini. Wanasayansi waliochunguza mahali hapo tangu mwaka 1983 walikuta bakteria wa asili, wasioletwa na mtu, wakiyala mafuta hayo. Penye oksijeni, huyavunja yakageuka maji na hewa ya ukaa. Oksijeni inapokwisha, wengine huendelea na kazi kwa kutumia madini ya chuma yaliyomo udongoni, na wengine huzalisha gesi ya methani. Kwa sababu hiyo benzini, kemikali iletayo saratani, haikusambaa mbali kama ilivyohofiwa.

Tunamtukuza Muumba kwa hekima hiyo. Hata hivyo, tusiigeuze kuwa kisingizio. Kwanza, kazi hiyo ni ya polepole: zaidi ya miaka 40 baadaye, mafuta yangalipo Bemidji. Pili, si kila sumu huvunjika. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua makazi ya watu kwa risasi, nayo ikaonekana katika damu ya watoto. Risasi ni elementi. Hakuna bakteria awezaye kuivunja ikatoweka. Udongo wa namna hiyo hauna budi kuondolewa, au kudhibitiwa ili sumu isiwafikie watu.

Kanisa hutufundisha kwamba aliyemdhulumu jirani hutakiwa kutubu na pia kurekebisha madhara. Mwenye kiwanda anayeondoka akiuachia udongo ujisafishe bila kupima wala kuwaonya wakazi, hajarekebisha kitu.

Nasi tuanzie tulipo. Tusimwage oili chafu ya gereji mtaroni, wala tusivunje betri kuukuu nyumbani. Parokia inayotaka kujenga shule palipokuwa na kiwanda ipime udongo kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mara nyingi gharama ya ukuta huo hulipwa na watoto.