Kazi za Diwani kwa Mwezi Mmoja

Masika yaliyopita kijito kilicho kati ya shule yetu na vitongoji vya ng'ambo kilifurika mara tatu, na kila kilipofurika wenzetu watokao huko hawakuonekana darasani. Mmoja wao alijaribu kuvuka juu ya gogo, akateleza. Mwenyewe aliokoka, lakini madaftari yake ya mwaka mzima yalikwenda na maji. Katika mdahalo wetu wa mwezi ule wengi walisimama wakasema kwamba kosa ni la diwani, kwa kuwa alichaguliwa ajenge daraja naye hajengi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema maneno makali, na nilipigiwa makofi mengi.

Mwalimu mlezi wa chama cha midahalo alituacha tumalize, kisha akatuuliza swali moja tu: nani kati yenu ajuaye diwani hufanya kazi gani tangu tarehe mosi hata mwisho wa mwezi? Tulitazamana. Basi akatuombea ruhusa, na katika likizo ya Juni wanafunzi watatu tulipata nafasi ya kufuatana na Mheshimiwa Diwani wetu kwa siku kadhaa, na kuketi na Bwana Mtendaji wa Kata katika ofisi yake. Nitakayoeleza hapa ni yale tuliyoyaona na yale tuliyoelezwa.

Kwanza yafaa tujue diwani ni nani. Wilaya zetu zimegawanywa katika tarafa, kata, vijiji na vitongoji; mjini, mahali pa kijiji pana mtaa. Kila kata huchagua diwani mmoja baada ya kila miaka mitano, katika uchaguzi ule ule wa Rais na Wabunge. Madiwani hao wa kata, pamoja na madiwani wanawake wa viti maalum na Wabunge wa majimbo ya mahali hapo, ndio wafanyao Baraza la Madiwani. Baraza humchagua mwenyekiti miongoni mwa madiwani, na katibu wake ni Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ni mtumishi na hakuchaguliwa kwa kura za wananchi. Misingi ya mambo hayo imo katika sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982.

Wazee watakumbuka kwamba kabla ya hapo mabaraza ya namna hii yalikuwa yamefutwa, tangu mwaka 1972, na shughuli za wilaya zikawa mikononi mwa maofisa wa Serikali Kuu. Halmashauri za wilaya zilianza tena mwaka 1984. Babu yangu husema kwamba katika miaka ile mtu mwenye shida ya barabara hakuwa na mlango wa kubisha ila ule wa ofisa, na ofisa alikuwa mgeni, apata uhamisho kabla hajaijua njia yenyewe. Diwani hahamishwi. Akishindwa kazi, atakutana nasi sokoni siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza tulifika nyumbani kwa Mheshimiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukidhani tumewahi. Tulikuta watu sita barazani. Tuliamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, akatuonyesha mkeka, akaendelea na kazi. Mzee mmoja alikuja na ugomvi wa mpaka wa shamba. Mama mmoja alitaka barua ya kumtambulisha kijana wake anayekwenda kutafuta kazi mjini. Vijana wawili waliuliza habari za mikopo. Bibi mmoja alisema bomba la kijiji halitoi maji wiki ya pili sasa. Wa sita hakuwa na shida yoyote. Alikuja kulalamika juu ya mwenyekiti wa kitongoji chake, akala muda mrefu kuliko wote.

Nilichojifunza asubuhi ile ni kwamba karibu shida zote zilizoletwa hazikuwa za diwani kuamua. Ugomvi wa shamba hauamui yeye. Upo usuluhishi wa Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kazi yake katika mambo ya ardhi ni kupatanisha tu. Wasipopatana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Barua ya utambulisho huandikwa na mtendaji. Maji ya vijijini yana wakala wake, RUWASA, uliotokana na sheria ya mwaka 2019, na bomba lenyewe huendeshwa na chombo cha watumiaji maji kilichoundwa na wananchi. Mikopo ndiyo iliyo ya Halmashauri hasa. Ni asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nayo hugawanywa hivi: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu utengenezwe upya, ikarudi mwaka 2024. Vijana wale hawakuwa na kikundi. Kila mmoja alitaka fedha zake peke yake, wakaondoka wamenuna.

Hata hivyo hakuna aliyeondoka bila kuambiwa aende wapi, amwone nani, na achukue karatasi gani. Kwa yule bibi wa maji, Mheshimiwa alipiga simu pale pale, akaandika siku na saa katika daftari lake. Daftari hilo lina safu tatu: aliyeleta neno, neno lenyewe, na lililotendeka. Niliona safu ya tatu ina nafasi nyingi zilizo wazi. Mwenyewe hakuificha.

Sasa nije kwenye vikao, maana hapo ndipo mwezi wa diwani unapokwenda, na hapo ndipo mimi na wenzangu tulipokuwa gizani.

Halmashauri ya Kijiji hukutana kila mwezi. Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wa wananchi wote waliotimiza miaka 18, hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hiyo si mikutano ya diwani, lakini yatokayo humo huja katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hii ndiyo yake. Yeye ni mwenyekiti, Mtendaji wa Kata ni katibu, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Wataalamu, kama Mkuu wa Shule yetu, mganga wa zahanati na bwana shamba, hualikwa kutoa habari lakini hawapigi kura. Yatokayo katika kata hupelekwa Halmashauri, na huko hupitia kamati kabla ya kufika katika Baraza lenyewe. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi. Kamati nyingine, kama ile ya elimu, afya na maji ambayo diwani wetu yumo, hukaa kila robo ya mwaka. Baraza zima hukutana walau mara moja katika kila miezi mitatu, na humo kila diwani hutoa taarifa ya kata yake mbele ya wakuu wa idara.

Msomaji aweza kusema, hayo ni maneno matupu, vikao juu ya vikao. Nami nilisema hivyo kimoyomoyo. Lakini fikirini jambo hili. Diwani hana fungu lake la fedha. Mbunge anao Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Diwani hana mfuko wa namna hiyo. Hupewa posho, na posho hiyo yatazamwa na kila mwenye msiba na kila mwenye harusi katika kata. Tena hawezi kumwamuru mhandisi wala mganga. Nguvu yake ni kusema katika kikao, na neno lake liandikwe katika muhtasari, kisha kikao kijacho aulize: lile tuliloagiza limefika wapi? Mkuu wa idara asiye na jibu huona haya mbele ya Baraza zima. Jambo lisiloandikwa halina wa kuliuliza.

Kuna na suala la majira. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Ili jambo lipate fedha mwezi huo, sharti liwe limepita kijijini na katani miezi mingi kabla, maana Baraza hujadili bajeti yake mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge halijaanza kikao chake cha bajeti mwezi wa Aprili. Kijito chetu hufurika Machi na Aprili. Basi tunapolia kwa sauti kubwa kuliko wakati wote, ndipo daftari la bajeti linapofungwa. Jua likitoka, kijito hukauka, nasi husahau mpaka masika mengine. Nadhani mambo mengi ya vijijini hufia hapo, wala si kwa ubaya wa mtu.

Tulipofika ofisini kwa Bwana Mtendaji tulimwomba atuonyeshe ni lini daraja la kijito liliombwa. Alitoa majalada ya mihutasari, nasi tukakaa chini tukayapekua mchana kutwa. Tuliona ombi la choo cha soko, ombi la mwalimu wa hisabati, ombi la nyumba ya mganga, na lile la kumalizia boma la darasa letu la nne ambalo wazazi walilijenga mpaka usawa wa renta kisha likapauliwa kwa fedha za Serikali. Habari za kijito hazikuwamo. Watu huzisema dukani, huzisema misibani, huzisema hata katika midahalo, lakini katika mkutano wa kijiji hakuna aliyesimama akaomba ziandikwe. Mikutano miwili ya kijiji hicho haikufanyika kabisa kwa kuwa watu hawakutimia.

Hapo nilikumbuka makofi niliyopigiwa, nikaona haya.

Lakini sitaki kusema kwamba diwani hana lawama. Mheshimiwa mwenyewe alikiri kwamba kijito alikijua, na kwamba alikuwa amemweleza mhandisi kwa mdomo walipokutana njiani, akaona inatosha. Tena angeweza kuleta jambo hilo katika kamati ya kata bila kungoja kijiji, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti. Mwenzangu mmoja alimwuliza hivyo waziwazi, sisi tukainamisha vichwa kwa hofu. Hakukasirika. Alisema kweli, akaandika katika daftari lake.

Jambo lingine lililokuwa geni kwetu ni kwamba barabara za vijijini haziko tena chini ya Halmashauri. Tangu mwaka 2017 zimo mikononi mwa wakala uitwao TARURA, na mwaka 2021 Bunge liliongeza tozo ya shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Kwa hiyo diwani aombaye daraja huomba mahali ambapo yeye si msimamizi. Wapo wasemao utaratibu huu umefanya fedha zitumike kwa utaalamu zaidi, na wapo wasemao umewaondolea madiwani meno. Mimi naona wote wana haki kidogo. Lakini mwananchi hajali ni wakala au ni Halmashauri. Yeye ataka kuvuka, naye atamwendea yule anayemjua kwa sura.

Mwezi wa Agosti mkutano wa kijiji cha ng'ambo ulifanyika. Safari hii watu walitimia, kwa sababu wanafunzi wa huko walipita nyumba kwa nyumba wakiwaita wazazi wao. Mzazi wa yule aliyepoteza madaftari ndiye aliyesimama kwanza. Neno liliandikwa. Wiki iliyofuata likaletwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mkuu wa Shule akapeleka hesabu ya siku ambazo kila mwanafunzi wa ng'ambo alikosa masomo, kama zilivyo katika daftari la mahudhurio. Nasikia hesabu hiyo ilisomwa taratibu, na kikao kilikaa kimya. Baadaye mhandisi alikuja na wasaidizi wake, wakapima upana wa kijito na alama ya maji katika miti ya ukingoni, wakauliza kama njia ile imo katika orodha ya barabara zao. Ilikuwa haimo, ikabidi waanzie hapo.

Mpaka tunapopeleka habari hii kwa mhariri, ombi limeingizwa katika mapendekezo ya mwaka wa fedha ujao. Baraza litayajadili mapema mwakani, na fedha zikipatikana hazitafika kabla ya Julai. Maana yake ni kwamba masika moja zaidi yatatukuta bila daraja. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita wazazi wa pande zote mbili walikutana mtoni pamoja na Mheshimiwa Diwani na walimu wawili. Gogo la pili limelazwa kando ya lile la kwanza, na kamba ya kushikia imefungwa toka mti hata mti. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waombwa wasivuke peke yao maji yakifika kwenye alama nyekundu iliyopakwa juu ya jiwe.