Kulala Darini: Je, Paa Lako Lina Nafasi ya Kichwa?

Ningependa kuwaelezea jambo ambalo limetushughulisha nyumbani tangu nyumba yetu mpya ilipofika kwenye linta: je, yawezekana kujenga chumba cha kulala darini, pale juu chini ya mabati? Sisi watoto tuko wanne na nyanya amehamia kwetu. Mimi na kaka yangu tunalala sebuleni, na kitabu hakifunguliwi mpaka wageni waondoke. Kuongeza chumba upande wa shamba ni kung'oa kahawa, na mzee hataki hata kusikia.

Hapa Kibugu dari si jambo geni, lakini ni ghala. Mahindi huwekwa huko, pamoja na mbao zilizobaki na masufuria ya arusi. Watu hudhani kwamba ukitandika mbao pale basi umepata chumba. Wapi! Kiwanja hupimwa kwa miguu, lakini chumba cha darini hupimwa kwa kichwa.

Nyumba yetu ina upana wa mita 6, kwa hivyo mgongo wa paa uko mita 3 kutoka kila ukuta. Fundi alikuwa amepanga mteremko wa nyuzi 30. Chukua ile tanjenti tuliyofunzwa Kidato cha Pili: 3 mara tan 30 ni mita 1.73. Hapo ni katikati kabisa, mahali pa juu kuliko pote! Kaka yangu ana mita 1.78. Yaani sakafu ni kubwa kama nyumba nzima, lakini hakuna hata mahali pamoja ambapo anaweza kusimama wima.

Wafaransa wameliingiza jambo hili katika sheria. Tangu mwaka wa 1996, mtu anayeuza fleti huko haruhusiwi kuhesabu sehemu ya sakafu ambayo dari yake haifiki mita 1.80. Nami nikakichukua kipimo hicho.

Njia ya kwanza ni kuliinua paa hadi nyuzi 45. Mgongo unafika mita 3, na ukanda wa kusimama wima unakuwa na upana wa mita 2.4. Hata hivyo, kila mteremko unarefuka kutoka mita 3.46 hadi 4.24, kwa hivyo mabati yanaongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Njia ya pili ni kuuacha mteremko wa nyuzi 30, lakini kuta zipandishwe mawe matatu zaidi juu ya sakafu ya darini, kama sentimita 70 hivi. Mgongo unafika mita 2.43 na ukanda wetu unakuwa mita 2.18. Tofauti ni sentimita 22 tu! Nilipomwonyesha mzee karatasi, alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu.

Kuna pia paa lenye miteremko miwili kila upande, wa chini mkali na wa juu mpole, ambalo limeitwa kwa jina la Mfaransa François Mansart (1598–1666). Linatoa nafasi kubwa, ila fundi alisema kila mahali bati linapovunjika ni mahali pa kuvuja. Nikaliacha.

Sasa kenchi. Kenchi za kawaida zina mbao zinazokatiza katikati, na huwezi kuzikata kwa msumeno ati upate njia. Ndizo zinazozuia paa lisitanuke na kuzisukuma kuta nje. Ukitaka chumba, lazima umwambie fundi kabla hajaanza, ili afunge mkanda wa zege na vyuma juu ya kuta na kuushikilia mgongo kwa boriti nene. Mbao za sakafu nazo si zile za kubeba dari nyepesi. Kitanda na watu wawili si mchezo.

Huko Lamu, baadhi ya nyumba za mawe zimejengewa paa la makuti juu ya paa tambarare, pembeni wazi, upepo wa bahari ukapita. Makuti hayawaki jua likiwaka. Mabati yetu huwaka adhuhuri, na usiku wa Julai yanakuwa baridi hata maji yanadondoka upande wa ndani. Dawa yake ni kupigilia mbao za saiprasi chini ya kenchi na kuacha nafasi ya hewa kati yake na mabati, yenye matundu chini na juu ili hewa izunguke. Madirisha yawe mawili, moja kila mwisho wa nyumba.

Jambo moja halina mjadala: chumba kisiwe juu ya jiko. Moshi hupanda. Na mtu asithubutu kupandisha jiko la makaa huko kuota moto, maana hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na huua waliolala.

Vitanda vitawekwa kwenye pande za chini, kwa kuwa anayelala hahitaji kimo. Meza itakaa dirishani. Kabati refu, sahau, sanduku linatosha.

Imebaki ngazi. Ile ya kuegemeza ukutani haili nafasi, lakini nyanya ameapa kwamba lazima apande aone tunakolala. Ya vidato 14 itameza zaidi ya mita 3 za sebule. Mzee na fundi bado wanabishana, na mawe ya zile safu tatu yamekwisha kuletwa.