Nyati wa Msituni na Ndigana Kali

Ndugu mfugaji,

Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro ni hazina yetu. Mitarakwa, miti ya loliondo na mianzi ya Mlima Oldeani hunasa ukungu, na maji yake hulisha chemchemi tunazozitegemea kiangazi. Humo wanaishi tembo, chui, pongo na nyati. Anayehusika zaidi na afya ya ng'ombe wako ni nyati.

Nyati hubeba vijidudu vya ndigana kali bila kuugua. Kupe wa kahawia apendaye masikio hunyonya damu ya nyati akiwa mdogo, hudondoka majanini, hujibadili, kisha humpanda ng'ombe. Hivyo si lazima nyati na ng'ombe wakutane. Kupe huweza kusubiri majanini kwa miezi.

Dalili
Huonekana wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa: homa kali, tezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, machozi, kuhema kwa shida, povu puani. Ndigana ya nyati huua upesi.

Kiangazi kimoja niliitwa kwenye boma lililo ukingoni mwa msitu. Mama aliyekuwa akikamua aliona tezi mapema, lakini wazee wakasema ni baridi ya mlimani, tusubiri. Nilipofika siku ya nne, ng'ombe wawili wa maziwa walishakufa na wa tatu alikuwa akitoa povu. Dawa niliyobeba ingefaa siku ya kwanza.

Fanya hivi
1. Ogesha ng'ombe kila wiki, na upake dawa ya kupe ndani ya masikio.
2. Ndama walishwe alalili karibu na boma, mbali na njia za nyati.
3. Papasa tezi kila jioni. Anayekamua akisema kuna uvimbe, asikilizwe.
4. Mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo.
5. Chanja ndama dhidi ya ndigana, lakini usiache kuogesha. Chanjo haikingi kikamilifu dhidi ya ndigana ya nyati.

Usichome msitu ili kuwafukuza nyati. Watarudi majani yakichipua, bali chemchemi iliyokauka huenda isirudi. Adui yetu ni kupe, naye tunamweza.

Afisa Mifugo wako