Mabadiliko ya Tabianchi Yaingie Katika Bajeti za Shule

Tarehe 25 Aprili, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge jijini Dodoma kwamba mvua kubwa zilizoambatana na El Niño zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 nchini. Msimu wa namna hiyo huziacha hata shule na majeraha: paa limeezuliwa, njia imekatika, choo kimejaa maji. Mwanafunzi hupoteza vipindi ambavyo si rahisi kuvifidia.

Watoto wetu hufundishwa utunzaji wa mazingira darasani, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, somo peke yake halizuii upepo kung'oa bati. Kwa sababu hiyo, makala haya yanawahimiza viongozi wa elimu wa ngazi zote kuyapa mabadiliko ya tabianchi kipaumbele katika mipango na bajeti zao. Mambo matatu yanastahili kutangulia.

Kwanza ni majengo. Kenchi za paa zifungwe kwa vyuma vilivyozamishwa ukutani, mitaro ichimbwe kuzunguka madarasa, na miti ya kukinga upepo ipandwe umbali salama kutoka kwenye kuta.

Pili ni maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Hivyo, paa lenye mita za mraba 60 huweza kupokea takriban lita 1,200 katika mvua moja ya milimita 20. Bila mabomba ya kukingia na tangi, maji hayo humomonyoa msingi wa jengo lile lile.

Tatu ni jiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Shule inayopikia wanafunzi kwa kuni kila siku inahitaji fungu la kubadili jiko, kwani agizo pekee halinunui vifaa.

Ndugu mwananchi, nafasi yako ni ipi? Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Mahitaji ya shule huibuliwa na Kamati ya Shule, hujadiliwa kijijini, hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo yafike Halmashauri. Hitaji lisiloandikwa katika hatua ya kwanza ni nadra kupatiwa fedha katika hatua ya mwisho.

Hivyo basi, katika kikao kijacho cha wazazi, ulizeni kama paa, mitaro, tangi na jiko vimo katika mpango wa shule yenu. Visipokuwemo, ombeni viandikwe katika muhtasari wa kikao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.